Mechi ya Sakania Niliyoisikia Nikiwa Kaburini

Kwenye mpira hakuna kitu kinachoweza kunishangaza mimi. Niliseme hilo mapema, ninyi vijana mnaoanza kufundisha timu ndogo za Lubumbashi na firimbi zenu mpya shingoni, ili mjue mnasoma maneno ya nani. Nimeona mwamuzi akikimbizwa na mashabiki mpaka kanisani, akajificha ndani ya kibanda cha maungamo, na padri akamwambia kwa kuwa amekwisha kuingia, basi aungame na ile penalti. Nimeona beki akifunga ndoa asubuhi na kucheza mchana, bibi arusi amekaa pembeni ya kiwanja na shela yake, akimtukana mshambuliaji wa timu ya pili kila alipompita mume wake. Nimeona timu nzima ikicheza na viatu visivyo jozi kwa sababu gunia moja la viatu lilianguka njiani. Tulishinda.

Jina langu Kalenga. Mtaa mzima wa Katuba unaniita Coach Kalenga, na hata watoto ambao hawakuniona nikifundisha wanajua waniite hivyo. Shule niliiacha la tatu. Baba yangu alikuwa mtu wa reli, familia yetu ilitoka kaskazini mwa Katanga, na yeye alitaka nishike nyundo kama yeye. Mimi niliuza mikate, nikasukuma mkokoteni wa makala, yaani makaa ya kupikia, nikacheza mpira mpaka goti likakataa, halafu nikawa kocha. Diploma sina. Hakuna aliyenisukuma na hakuna aliyenivuta. Timu sita zimepita mikononi mwangu na mbili nimezipandisha ligi, na mwenye diploma aliyefanya hivyo aje tusimame uwanjani tuulize watu.

Sasa nimepumzika. Goti ndilo lililostaafu kwanza, mimi nikalifuata. Lakini kukaa sijui. Hata leo nikitazama mechi kwenye televisheni natembea sebuleni, kutoka kabatini mpaka mlangoni, na mke wangu ameondoa meza ya katikati kwa sababu niliipiga teke mara nyingi nikimwonyesha beki mtu wa kumfuata.

Mwezi uliopita kijana mmoja wa ukocha alinijia na kompyuta yake ndogo ya kushika mkononi. Akanionyesha wachezaji wake wamekuwa vidoti vya rangi, na mistari inayotoka kidoti hiki kwenda kile. Kitu kizuri, sikatai. Nikamuuliza: huyu kidoti wako namba tano, siku ya mechi anakula nini? Hakujua. Nikamwambia basi nikusimulie.

Nilikuwa kocha mpya, najiona. Siku ya mechi nikawalisha vijana bukari, ugali wetu, na maharagwe saa moja kabla ya kuanza, wapate nguvu. Katika kipindi cha kwanza beki wangu wa kushoto alinyoosha mkono kama mwanafunzi, mwamuzi akadhani ameumia, kumbe anaomba ruhusa. Alitoka mbio kuelekea kwenye majani marefu nyuma ya goli. Wenzetu hawakumsubiri. Walipita pale pale palipokuwa pake na kutufunga, na yeye alisikia goli akiwa amechuchumaa. Tangu siku hiyo timu yangu inakunywa chai na mkate asubuhi, bukari ni baada ya kazi. Na viatu vikilowa, msivianike juani, ngozi itapasuka. Vijazeni karatasi. Zamani tulitumia magazeti, siku hizi magazeti hayapo, chaneni mifuko ya simenti. Kompyuta haitawaambia haya.

Lakini nilitaka kuwasimulia ule msimu wa Nyuki.

Nyuki ilikuwa timu ya Katuba, jezi njano na nyeusi, ligi ya chini. Mwenye timu alikuwa Papa Kambale, mfanyabiashara wa jumla aliyetoka Kivu ya Kaskazini na kupata mali kwa mchele, chumvi na sabuni. Anakaa Golf, mtaa wa matajiri, nyumba ya ghorofa, na ni shemasi katika kanisa lake. Kabla ya msimu kuanza aliniita kwenye ghala lake. Hakuniambia niketi, nami sikutaka kuketi.

“Kocha,” akasema, “mi nauzisha muchele na sabuni. Sabuni inajilipa. Nyuki haijilipe. Mwaka hii timu ipande, ao nafunga. Jezi nitagawia ba-chargeur bangu ba kupakia chumvi bavae kwa kazi.”

“Itapanda, Président.”

“Ikipanda, prime yako ni dola mia ine, kwa mukono. Na kintu ingine. Hela yangu haiingie kwa muganga. Hata franka moya. Nikisikia bintu bya uganga, mi na wewe tunaachana. Unanisikia?”

“Président, mi naamini mazoezi.”

Na ni kweli, mimi siamini dawa za mpira. Ila wachezaji wanaamini, na kocha anafundisha watu pamoja na hofu zao. Ninyi mtakutana nalo. Timu ikienda ugenini, wachezaji hawataki kupita lango kuu, kwa sababu wanasema wenyeji wamefukia kitu pale. Hawataki kuvaa ndani ya chumba cha wageni. Hawanywi maji ya mji. Basi unafanya nini? Unawavalisha ndani ya lori, unabeba maji yako, na unawapitisha juu ya ukuta wa nyuma. Ukuta haugharimu kitu. Kwa hiyo msimu mzima tulipanda kuta, na mimi sikuona kama nimevunja neno la Président, kwa kuwa ukuta si mganga.

Msimu ulikuwa wa moto. Leo tunashinda, wiki ijayo tunatoka sare na timu isiyo hata na kipa wa kweli. Mimi sikukaa kwenye benchi hata mara moja. Pembeni ya kiwanja chetu cha Katuba palibaki njia niliyoichimba kwa miguu, na maji ya mvua yaliifuata kama mfereji. Usiku mke wangu alikuwa ananisukuma: “Kalenga, lala, unacheza mupira na blanketi.” Mwishowe ikabaki mechi moja, ugenini, Sakania, kule mpakani reli inapoingia Zambia. Tukishinda tunapanda. Tukitoka sare, timu nyingine inapanda, na Nyuki inakuwa nguo za wapakiaji wa chumvi. Na mimi ninarudi kwenye makala.

Tulikwenda na lori la Papa Kambale, juu ya magunia ya chumvi aliyokuwa anapeleka kwa wateja wake wa huko. Ilikuwa baridi ya Juni, vijana wamejifunika makoti ya dada zao, vumbi limewafanya wote rangi moja. Kipa wangu wa pili alibaki nyumbani na malaria. Kwa hiyo kipa nilikuwa na mmoja, Mwape, kijana mrefu mpole ambaye mama yake ni mtu wa upande huo wa Sakania.

Tulifika mchana, tukavaa ndani ya lori. Muuza makala mmoja alinionyesha kwa mkono nyuma ya uwanja: mnapita tanki la maji, mnaona ukuta wa matofali mekundu, ng'ambo yake ni kiwanja. Nikapita tanki la maji, nikaona ukuta wa matofali mekundu. Sikujua kwamba kuta za namna hiyo ziko mbili.

Mwape akaruka kwanza, kwa kuwa ni mrefu, awapokee wengine. Tukatupa mfuko wa mipira. Wakapita wote, mmoja mmoja, na jambo lililonisumbua ni kwamba kila aliyetua upande wa pili alinyamaza. Mimi nikaruka wa mwisho, suruali ikakamatwa na msumari ikachanika nyuma.

Tulikuwa ndani ya matanga.

Wanawake wameketi kwenye mikeka, magogo yanafuka moshi, wanaume kwenye mabenchi, na kupitia mlango wa nyumba sanduku linaonekana. Na sisi tumesimama katikati na jezi za njano na nyeusi, mipira mkononi. Mama mmoja mfupi, kitambaa kichwani, akatutazama toka viatu mpaka nywele. Alikuwa Mama Chisenga, dada wa marehemu, mzee Kunda.

“Mulango iko pale, ba papa,” akasema. “Lakini karibuni.”

“Mama, pole sana. Tumepotea. Tunaenda kwa mupira.”

“Muntu akiingia kwa matanga, anaikala kwanza.”

Hilo hata mimi najua. Huwezi kukanyaga penye maiti ukageuka kama mtu aliyekosea duka. Tukaketi chini, timu nzima. Mechi ilikuwa saa tisa, simu yangu inaniambia nusu saa imebaki, na mwamuzi asipoona timu baada ya robo saa anaandika tumekimbia. Magoti yangu yalikuwa yanaruka yenyewe. Mama Chisenga akaanza kuuliza kila mmoja jina na ukoo, ndiyo desturi ya kule. Vijana wangu wa mjini wanajibu ovyo. Mmoja akasema ukoo wake ni Katuba Mbili. Ikafika zamu ya Mwape.

“Mi niko wa Mbuzi,” akasema, kwa upole wake ule ule.

Nyumba nzima ya kilio ikacheka.

Niwaelezee, kwa kuwa wengine mmezaliwa mjini na hamjui. Kule watu wana koo, na koo zina utani. Marehemu alikuwa wa ukoo wa Chui. Chui na Mbuzi ni watani: wanatukanana, wanadanganyana, wanachekana mchana na usiku, na hakuna kukasirika. Lakini Chui akifa, ndugu zake hawamchimbii kaburi. Mbuzi ndiye anayechimba, Mbuzi ndiye anayezika, na akifanya hivyo anamtukana marehemu ili wafiwa wapumue kidogo.

“Mungu anatuona,” Mama Chisenga akasema. “Tangu asubui tunatafuta Mbuzi. Ba Mbuzi ya hapa bote bako kwa mupira, na mumoja njo juge de touche. Sasa mumoja anatuangukia toka juu ya ukuta. Kamata houe, mutoto.” Akamwonyesha jembe.

“Mama,” nikasema, “huyu ni gardien wangu. Sina mwingine.”

“Na sie hatuna mwingine.”

“Baada ya mechi atakuja, mi nakuapia.”

“Padri anakuya mbele jua iingie. Kaburi haiyachimbwa. Ndugu yangu alale wapi, kwa goli yenu?”

Nikatoa simu yangu, nikaiweka kwenye mkeka. “Basi hii ikae hapa, mpaka arudi.”

“Ile simu itachimba?” Akanirudishia mkononi.

“Nawapa tairi ya akiba ya lori.”

“Tairi itachimba?”

Mzee mmoja kwenye benchi akaniuliza: “Na wee kocha, mikono yako inafanyaka kazi gani?”

“Inaonyesha.”

“Inaonyesha nini?”

“Njia ya kucheza.”

“Aa. Basi ituonyeshe njia ya kuchimba.”

Wakacheka tena. Mimi nikamvuta Mwape pembeni, nikamwambia tukimbie, tuwalipe kesho. Akatikisa kichwa. “Coach, mi nikikimbia maiti ya Chui, mama yangu hataniangalia tena kwa macho. Lakini Mbuzi anaweza kuacha muntu mu nafasi yake mpaka arudie.” Halafu akanitazama, akainamisha macho. Wote wakanitazama. Kapteni wangu Banza, ambaye msimu mzima nilimkataza kufikiri, akanitazama pia.

Mnaona hapo mtu anachagua nini. Timu bila kipa haishindi. Timu bila kocha, sijawahi kujaribu.

“Nipeni houe,” nikasema.

Mama Chisenga akachota unga wa mahindi, akanipaka usoni. “Leo unakuwa Mbuzi. Lia.”

“Nilie namna gani?”

“Mbuzi analiaka namna gani?”

Nikalia kama mbuzi, mimi Kalenga, mbele ya wachezaji wangu wote. Wafiwa wakaridhika. Nikampa Banza firimbi na maneno ya haraka: Tshibangu acheze mbele, huyo ndiye nguvu yetu, asitolewe hata akiomba, na msibadilishe kitu. Wakatoka mbio kwa mlango wa wafiwa, na kwa kuwa wakati wa kuta ulikuwa umekwisha, wakaingia uwanjani kwa lango kuu kama watu wote.

Makaburi ya pale yako ng'ambo ya reli. Wazee wawili walikaa kando kunielekeza, mimi nachimba. Udongo ule ni wa kichuguu, mgumu, houe inarudi kama umepiga lami. Na kutoka uwanjani nasikia kila kitu ila sioni kitu.

Hapo nikamkumbuka Vieux Numbi, aliyenifundisha kazi. Vieux Numbi alikuwa mkaguzi wa mabehewa kabla ya kuwa kocha. Alitembea kando ya treni akigonga magurudumu kwa nyundo, na kwa mlio tu akajua gurudumu lipi limepasuka. Kwenye mpira alifanya vile vile. Mara nyingine alinilazimisha nikae nimeupa mgongo uwanja, ananiuliza: “Sasa mupira uko wapi? Nani ameupoteza?” Nilidhani mzee anazeeka. Kumbe wenyeji wakipoteza mpira karibu na goli lao, sauti inapanda kwa pua. Wakishambulia, inatoka tumboni. Na wageni wakifunga, unasikia kelele ndogo mahali pamoja, halafu kimya kinachoenea kama maji. Mliofika mpaka hapa, jifunzeni hilo. Fumbeni macho dakika chache katika kila mechi.

Basi nikachimba nikisikiliza. Tumboni, tumboni, tumboni. Wanatushambulia. Nikarusha udongo nusu ukanirudia. Nikapiga kelele “Banza, shuka!” na mmoja wa wazee akasema, “Banza hayuko humu ndani, Mbuzi. Chimba.”

Simu ikalia. Papa Kambale, kutoka Lubumbashi.

“Kocha, bananiambia hauko kwa banc. Uko wapi?”

“Président, niko kwa makaburi.”

“Makaburi ya nani?”

“Ya Sakania. Niko nachimba.”

“Unachimba nini siku ya match?”

“Kaburi, Président.”

“Kalenga. Mi nilikukataza. Unazika nini mule?”

“Bado sijazika kitu. Maiti iko nyumbani.”

“Maiti?”

Na simu ikazimika, betri imekwisha. Nikaitazama. Nilitaka kupanda nje, nikatafute simu ya mtu, nimweleze. Wazee wakanionyesha kina kilichobaki. Nikashuka tena.

Kipindi cha pili kilianza, nikasikia firimbi. Sasa sauti ilikuwa ya puani kidogo. Nikapata nguvu. Halafu, kama kwa makusudi, treni ya mizigo ikaingia, mabehewa marefu yasiyokwisha, chuma juu ya chuma, na masikio yangu yakafungwa. Nikasimama ndani ya shimo na houe mkononi, namtukana dereva wa treni na mabehewa yake yote. Wazee wakafurahi sana. Walidhani namtukana marehemu, na wakasema sasa Mbuzi ameamka. Treni ilipokwisha kupita, uwanjani palikuwa kimya. Kimya cha nani? Chao au chetu? Vieux Numbi hakunifundisha kimya kinachoanza nyuma ya treni.

Firimbi ya mwisho niliisikia. Kelele sikuzielewa.

Mtu wa kwanza kufika alikuwa yule juge de touche, mshika kibendera, Mbuzi wa pale, bado na nguo zake nyeusi na kibendera kiunoni. Akachungulia shimoni.

“Huyu Mbuzi mweupe ni nani?”

“Ni kocha wa Nyuki,” wazee wakamwambia.

“Aa, Coach. Pole sana.”

“Pole ya nini?”

“Ya matanga.”

“Mechi, kaka. Ngapi?”

“Match gani? Ile? Mulikula ine. Gardien yenu alilala kabisa, tulimufunika na blanketi.” Akawageukia wazee. “Ao ni tatu? Nilikuwa naangalia ba offside.”

Mzee mmoja akanihurumia. “Usimusikilize. Mbuzi kwa kaburi ya Chui anasema bongo, uongo mutupu, mpaka udongo ifunike sanduku. Ukimuuliza jina ya mama yake, atakudanganya.”

Kwa hiyo sikujua kitu. Nikiamini, tumekufa. Nisipoamini, bado sijui. Na hapo likaja sanduku, na watu wakiimba, na nyuma yao timu yangu, jezi zimechafuka, wote vichwa chini. Nikatafuta uso mmoja unaosema. Banza aliwakataza kucheka wala kupiga kelele penye kilio, na wao, ambao hawakuwahi kunitii mimi hata siku moja katika jambo la kunyamaza, siku ile walimtii yeye.

Mwape akaja, akapokea houe mkononi mwangu.

“Mwape, ngapi?”

“Coach, mi niko Mbuzi hapa.”

“Mi niko kocha wako.”

“Tuzike kwanza.”

Na kuzika kwenyewe hakukuwa haraka. Yeye na mshika kibendera walilala chini kabisa ya kaburi, wakasema Chui huyu alikuwa mchoyo, hata shimo lake ni dogo, na hawatoki mpaka walipwe. Ndugu wa marehemu wakatoa hela kidogo. Mbuzi wakakataa. Wakaongeza munkoyo, kile kinywaji cha mahindi, wakakataa. Wanawake wanalia na kucheka pamoja. Jua linashuka, padri anatazama saa, mimi nazunguka kaburi kama mtu anayetafuta choo. Mwishowe nikatia mkono mfukoni, nikatoa dola kumi zangu mwenyewe, nikazitupa shimoni.

“Tokeni.”

Mama Chisenga akashika tumbo kwa kucheka. “Mbuzi anamulipa Mbuzi. Hii sijaiona tangu nizaliwe.”

Wakatoka. Sanduku likashuka, udongo ukaanza, na mimi nilitupa kwa koleo kuliko wote. Lilipofunikwa kabisa, Mwape akapangusa mikono kwenye jezi.

“Moya kwa zéro, Coach. Yetu.”

Nikaketi chini, juu ya ule udongo uliobaki. Nadhani ni siku pekee ya mechi niliyowahi kuketi. Banza akanieleza polepole, kama mtu anayeogopa kupigwa: Tshibangu alikuwa anachoka, mapumziko alimtoa, akamwingiza yule mdogo ambaye mimi nilimkataa msimu mzima kwa sababu ana miguu myembamba. Ndiye aliyefunga, treni ikipita, mabeki wao hawakusikiana. Halafu Mwape alizuia mpira wa mwisho kwa uso.

“Unakasirika, Coach?”

Nikamwambia timu iliyofundishwa vizuri inacheza hata kocha akiwa kaburini, na kwamba hiyo ni kazi yangu wanaiona. Ndivyo nilivyosema, na sijabadilisha maneno. Ila yule mdogo mwenye miguu myembamba, msimu uliofuata nilimwanzisha kila mechi.

Nyuki ilipanda. Papa Kambale hakuifunga, jezi hazikuenda kwa wapakiaji, na mimi sikurudi kwenye makala. Wachezaji walilipwa prime zao siku ya Jumatatu, ghalani, mmoja mmoja. Mimi akanibakiza.

“Kazi nakuachia, juu timu imepanda,” akasema. “Prime, hapana. Muntu aliyenda kuchimba kwa makaburi siku ya match, mi namulipa nini? Nitasema nini kwa kanisa?”

Nikamweleza yote: ukuta, matanga, Mbuzi, Chui. Alinisikiliza kama unavyomsikiliza mtu anayekuuzia sabuni isiyo na povu. “Leta muntu aliyekuona,” akasema.

Nikamleta. Nilimlipia Mama Chisenga safari ya kuja na kurudi. Nilimnunulia kitenge, kwa sababu huwezi kumpeleka mama mfiwa Golf na nguo ya njiani. Mke wangu akachinja kuku wa kununua. Tukaketi sebuleni kwa Papa Kambale, chai mezani, na yeye akamuuliza kwa heshima zote: “Mama, huyu muntu alifanya nini kule kwenu?”

Mama Chisenga akanitazama. Nikaona jicho lake, na nikajua nimekwisha.

“Huyu?” akasema. “Huyu Mbuzi? Alikuya na kuku mweusi mu mufuko. Akazika chini ya sanduku ya ndugu yangu, na mupira juu. Tulimukataza, akatupigia kelele kama mbuzi.” Halafu akanywa chai yake, uso kama wa mtu aliye ibadani.

Nje, langoni, nilimwambia: “Mama, umeniua.”

“Wewe ni Mbuzi wetu sasa,” akasema. “Chui atakusifu Mbuzi mbele ya batu? Bandugu bangu bote batanicheka.” Akanishika mkono vizuri, akaniambia nimsalimie mke wangu, kuku alikuwa mtamu.

Papa Kambale hakulizungumzia tena jambo hilo mpaka nilipostaafu. Prime ya dola mia nne ambayo sikuiona, kumi nilizotupa shimoni, thelathini na sita za safari ya Mama Chisenga, kumi na tano za kitenge, nane za kuku: mechi ile ilinigharimu dola mia nne sitini na tisa.